Kaenda Nanjing Siku Nne, Nyie Mmeona Danga Tu!

Haya, wiki hii mjini gumzo lilikuwa moja tu. Yule mwigizaji mrembo, mwenye duka la mapambo ya nyumba, yule ambaye ndoa yake ilivunjika na kila mtu akajifanya wakili, kaenda China. Jina halitajwi hapa. Wenye Insta mnamjua, wasio na Insta halitawasaidia kitu.

Safari yenyewe ilianza kawaida. Alienda Yiwu kufuata mzigo wa duka, kama wanavyoenda wafanyabiashara kibao wa Kariakoo. Mzigo ukafungwa, ukakabidhiwa kwa wasafirishaji, kazi ikaisha. Hapo wengi hupanda ndege wakarudi zao nyumbani. Yeye akapanda treni ya kasi mpaka mji unaitwa Nanjing, akakaa siku nne, peke yake, anatembea tu na kuangalia.

Hilo la "kuangalia tu" ndilo limewashinda watu.

Komenti zikaanza. "Nani kalipa hoteli?" "Nani anampiga picha?" "Mwanamke mzima unaenda China kuangalia ukuta? Tuambie ukweli." Siku tatu za kwanza alikuwa anaposti. Siku ya nne kimya, hakuna picha, hakuna video. Usiku ndio akaweka mstari mmoja tu kwamba leo hana picha. Weee! Kurasa za udaku zikapata ajira. Mmoja ukaandika eti siku hiyo alikuwa hotelini na mzee wa Kichina mwenye kiwanda cha vigae. Kufika asubuhi, stori iko kwenye magrupu yote ya WhatsApp, na mama yake mzazi anapigiwa simu na ndugu kuulizwa kama mwanae yuko salama au kauzwa.

Juzi karudi, kahojiwa redioni, kaeleza siku ya nne alikuwa wapi. Wengi hawakusikiliza mpaka mwisho, walikuwa wanasubiri jina la mwanaume. Kwa hiyo acha hizo siku nne zipangwe vizuri hapa, halafu kila mtu ajipime mwenyewe.

Siku ya kwanza: ukuta

Ule ukuta mliocheka sio ukuta wa geti. Nanjing maana yake ni mji mkuu wa kusini, kama Beijing ilivyo mji mkuu wa kaskazini. Mwaka 1368 aliyeanzisha ufalme wa Ming, Zhu Yuanzhang, mtoto wa masikini aliyewahi kuombaomba chakula, aliufanya Nanjing makao yake. Akauzungushia ukuta wa kilomita kama 35. Mpaka leo kilomita kama 25 bado zimesimama. Mdada alipiga picha kwenye lango la kusini, linaitwa Zhonghua, ambalo sio mlango mmoja. Ni milango minne imefuatana na viwanja vitatu katikati, adui akiingia anafungiwa humo kama panya. Ndani yake kuna vyumba vya mapango 27 ambavyo inasemekana vilikuwa na uwezo wa kuficha askari 3,000.

Picha yake iliyopata komenti za kejeli kuliko zote ni ile ya tofali. Alivuta karibu, tofali moja la kijivu lenye maandishi. "Kakosa cha kuposti," mkasema. Ngoja sasa. Matofali ya ukuta ule yaligongwa chapa: yametoka wilaya gani, afisa gani alisimamia, nani alilifyatua. Tofali likipasuka, mfalme anajua wa kumkamata. Hebu fikiria kila kipande cha lami mtaani kwenu kingekuwa na jina la mkandarasi, mashimo yangekuwepo?

Na kuna lingine hapo. Tofali la miaka zaidi ya 600 lina jina la mtu aliyelitengeneza na yuko tayari kuwajibika nalo. Stori ya mzee wa vigae ilitengenezwa juzi tu na haina jina la mtu hata mmoja. Picha ya wasifu ni ua.

Jioni akaenda kando ya mto Qinhuai, kwenye hekalu la Confucius, taa zinawaka majini, boti zinapita. Jirani na hapo kuna ukumbi wa kale wa mitihani. Enzi hizo wasomi walikuwa wanafungiwa kwenye vijumba vidogo, zaidi ya 20,000, mtu anaandika mtihani humo na kulala humo siku kadhaa ili apate kazi serikalini. Halafu akala bata. Bata kweli, wa chumvi, ndiye chakula wanachojisifia watu wa Nanjing. Akaandika "nakula bata Nanjing". Utani mzuri, mwepesi. Jibu lililopata likes nyingi? "Bata la nani?"

Siku ya pili: ngazi na wanyama wa mawe

Siku ya pili alipanda mlima wa Zijin, yaani Mlima wa Zambarau. Huko kuna kaburi la Sun Yat-sen, yule aliyeapishwa kuwa rais wa muda wa jamhuri mwanzoni mwa mwaka 1912, hapo hapo Nanjing. Alifariki Beijing mwaka 1925, akaletwa kuzikwa hapo mwaka 1929. Kulifikia ni ngazi 392. Ukiwa chini ukitazama juu unaona ngazi tupu. Ukifika juu ukigeuka kutazama chini, ngazi zote zimepotea, unaona sehemu za kupumzikia tu. Ndio maana aliposti picha mbili za sehemu moja na watu wakadhani kakosea kuziweka.

Kabla hamjasema "nani anampiga picha", jibu ni rahisi sana. Mwafrika akitembea kwenye vivutio vya China, hasa watu wa mikoani wakiwa wamekuja kutalii, watamsimamisha wapige naye picha. Mama na watoto wake, wazee, wanafunzi. Ukishapiga nao, unawapa simu yako wanakupiga. Hapo hahitajiki danga wala mpigapicha wa kulipwa, linahitajika tabasamu tu.

Na mbona picha zilikuwa zinakuja usiku wa manane kwa mafungu? Nalo lilifanywa ushahidi. Jamani, Insta imefungwa China. Mgeni anategemea laini ya nyumbani yenye gharama zake, au VPN inayokatika ikijisikia. Mtu hawezi kuposti kila dakika kama yupo Sinza.

Mlima huo huo ndiko alikozikwa mfalme mwenye ukuta, Zhu Yuanzhang. Njia ya kwenda kaburini imepangwa wanyama wakubwa wa mawe, jozi 12, aina sita: simba, ngamia, tembo, farasi, na wawili wa hadithi. Kila aina kuna waliosimama na waliokaa au kupiga magoti. Mmoja wa hao wa hadithi anaitwa qilin, mnyama wa baraka ambaye kwa imani yao hujitokeza pale tu panapokuwa na mfalme mwema. Mdada akaegemea mti, akamtazama, akaandika kwamba huyu ndugu yake anatoka Malindi. Watu wakaandika "kachanganyikiwa na baridi".

Siku ya tatu: Malindi

Hakuchanganyikiwa. Siku ya tatu alienda kwenye bustani iliyojengwa palipokuwa na karakana ya merikebu za Zheng He. Kama jina ni geni, huyu alikuwa Muislamu kutoka Yunnan, towashi wa ikulu, aliyeongoza safari saba za baharini kati ya mwaka 1405 na 1433, na misafara mikubwa ya merikebu na maelfu ya watu. Mwaka 1957 kilichimbuliwa hapo mti wa usukani wa merikebu wenye urefu wa mita kama 11. Huo ni usukani tu, meli yenyewe piga hesabu mwenyewe.

Misafara hiyo ilifika Mogadishu, ikafika Barawa, ikafika Malindi. Pwani hii hii. Na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme Yongle zawadi ya twiga, wakati mji mkuu rasmi bado ni Nanjing, kabla haujahamishiwa Beijing mwaka 1421. Mwaka mmoja kabla yake twiga mwingine alikuwa ametoka kwa mtawala wa Bengali. Wachina hawakuwahi kuona kitu kama kile. Shingo ile, mwendo ule wa upole. Wakasema huyu ndiye qilin, baraka imefika. Yaani mnyama ambaye kwenye njia ya kaburi walimchonga kwa kumwaza tu, akaja mzima mzima kutoka pwani ya Waswahili.

Hiyo ndiyo posti aliyoiandika mdada, mistari kama sita, kwa Kiswahili safi. Mtoto wa shule angeisoma akajua kitu. Ndiyo posti iliyopata likes chache kuliko zote za safari. Picha ya miguu yake kwenye kitanda cha hoteli, aliyoweka siku ya kwanza, ilizidi mara nyingi. Maana kitandani kuna cha kuhesabu: mito miwili, kwa nini miwili?

Siku ya nne: kimya

Sasa ile siku ya mzee wa vigae.

Siku ya nne alienda kwenye jumba la kumbukumbu ya mauaji ya Nanjing. Tarehe 13 Desemba 1937 jeshi la Japani liliuteka mji huo, ambao wakati ule ulikuwa tena mji mkuu wa China. Kwa wiki kama sita waliua wafungwa wa vita na raia, wakachoma nyumba, wakabaka wanawake, wasichana na vikongwe. Idadi ya waliouawa ambayo China inaitaja rasmi ni 300,000, na imeandikwa ukutani kwa lugha nyingi. Jumba lilifunguliwa mwaka 1985, kuingia ni bure, na limejengwa mahali ambapo mifupa ya waliouawa ilikutwa ardhini. Nje kuna sanamu kubwa ya mama kainua uso juu, kabeba mtoto wake aliyekufa. Kuna ukuta wenye majina zaidi ya 10,000. Kuna sehemu tone la maji linadondoka kila baada ya sekunde 12. Ukigawa zile wiki sita kwa watu 300,000, ndio inatoka hiyo: mtu mmoja kila sekunde 12.

Mdada aliulizwa redioni kwa nini hakupiga picha. Alisema aliingia na simu mkononi kama kawaida, akafika kwenye lile tone la maji, akaizima. Akasema alisimama pale akahesabu matone mpaka akashindwa. Mtangazaji akacheka kidogo, akauliza, "Kwa hiyo kweli ulikuwa peke yako?" Yaani kaambiwa habari ya maiti, swali linarudi pale pale.

Kuna jambo moja aliligusia haraka na mtangazaji akalipita. Humo ndani wanaelezwa wageni waliobaki mjini wakati kila mwenye uwezo amekimbia. Mmoja ni Mjerumani John Rabe, mfanyabiashara, aliyesaidia kusimamia eneo la usalama walikojificha watu wengi mno. Mwingine ni mwanamke wa Kimarekani, Minnie Vautrin, mwalimu wa chuo cha wasichana, aliyewafungulia geti maelfu ya wanawake na watoto na kusimama getini mwenyewe kuwazuia askari wasiwachukue. Sasa pata picha. Saa zile zile ambazo mdada anasoma habari za mwanamke aliyesimama getini kulinda miili ya wanawake wenzake, huku nyumbani watu, wengi wao wanawake, wanaujadili mwili wake uko kitanda gani na mzee gani.

Hii imeshatoka kwenye umbea wa kawaida. Umbea una ladha yake, na mjini bila umbea hapanogi. Ila hapa mtu alipewa fumbo la kimya cha siku moja, na jibu pekee lililowajia watu vichwani ni ngono. Hakuna aliyewaza labda anaumwa, labda simu imezima chaji, labda yuko sehemu ambayo mtu mwenye akili hapigi selfi. Jibu lilikuwa tayari kabla ya swali.

Na wanaume je?

Mwaka jana msanii mmoja wa kiume wa Bongo Fleva, na huyu pia mnamjua, alipita mji huo huo. Akasimama chini ya ile sanamu ya mama na mtoto, miwani ya jua, vidole viwili hewani, ulimi nje. Akaandika maneno ya kujisifia kwamba yeye ni wa kimataifa. Likes zikamiminika. "Baba lao!" "Mwamba kafika China!" Hakuna aliyeuliza nani kamlipia tiketi. Hakuna aliyeuliza alilala na nani. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza ile sanamu nyuma yake ni ya nini.

Kwa hiyo mwanaume akicheka kwenye makaburi ya watu ni mwamba. Mwanamke akinyamaza kwa heshima ni danga.

Na hili la kupiga selfi kwenye maumivu halipo China tu. Nendeni Mkunazini, Unguja, lilipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Pale nje ya kanisa kuna sanamu za watumwa ndani ya shimo, minyororo shingoni. Kila wikiendi kuna mtu anajipanga pembeni yake, kiuno kimebinuliwa, midomo imechongoka. Hao hakuna anayewashangaa. Anayeshangaza ni yule aliyezima simu.

Tuseme na upande wa pili

Kuna wanaojitetea hivi: mastaa wenyewe ndio waliofundisha watu kushuku. Ni kweli, na huyu mdada si malaika. Huko nyuma kashawahi kupiga kiki ya uchumba ambao haukuwepo ili filamu iuze. Kashawahi kuposti maburungutu ya dola bila maelezo. Kuna wenzake wanaosafirishwa kweli na wanaume za watu halafu wanaandika "nimejituma". Mashabiki wamedanganywa sana, wamekuwa sugu.

Sawa. Lakini mtu akikudanganya mara tatu, ya nne akaja na ushahidi wa macho, tofali, ngazi, karakana ya meli, hujamkamata kwa kukataa kuangalia. Umejikosesha wewe. Yeye Nanjing kaiona na itakaa kichwani mwake mpaka uzeeni. Wewe umebaki na mito miwili ya hoteli.

Halafu pesa yenyewe sio ya miujiza. Alikuwa tayari yuko China kwa nauli ya biashara. Treni kutoka Yiwu ni safari ya saa chache. Kupanda ukuta, ngazi za Sun Yat-sen, jumba la kumbukumbu, hakuna hata sehemu moja hapo inayohitaji bilionea. Kuna wafanyabiashara wangapi wa mjini wamekwenda China mara kumi na wanachokijua ni hoteli, ghala na kituo cha ndege? Dada mmoja muuza nguo alikomenti kwamba kaenda Guangzhou miaka sita mfululizo na hajawahi kupanda hata mnara. Akaandika, "Safari ijayo naongeza siku mbili." Komenti ile ilipita bila like, na ndiyo ilikuwa ya maana kuliko zote.

Maana kinachopotea hapa ni kikubwa kuliko jina la staa mmoja. Kuna binti wa miaka 19 anasoma hizo komenti kimyakimya. Ana ndoto ya kwenda kuona dunia kwa pesa yake, ndogo ndogo, alizodunduliza. Anachojifunza ni kwamba siku atakayofika, watu hawatamuuliza umeona nini. Watamuuliza nani kalipa. Wengi wataamua bora wasiende, au waende wasiseme. Wale watakaoposti watajifunza kuweka kitanda cha hoteli na kuacha twiga wa Malindi, kwa sababu kitanda ndicho kinacholipa likes. Halafu kesho mtalalamika mastaa wa Bongo hawana cha maana wanachoposti.

Mama mtu, aliyepigiwa simu usiku akiambiwa mwanae kauzwa, hajaombwa radhi na ukurasa wowote. Ile posti ya mzee wa vigae ilifutwa tu kimyakimya baada ya mahojiano. Hiyo ndiyo tofauti ya vimya viwili: cha mdada kilikuwa heshima kwa marehemu, cha ukurasa kilikuwa woga.

Uwanja ni wenu, dondosheni maoni hapo chini. Ila leo kuna sharti dogo. Kabla hujauliza nani kalipa, taja kwanza kitu kimoja ulichokiona kwenye picha zake. Ukishindwa, rudi ukaziangalie tena. Tofali lile lipo, posti ya nne kutoka juu.